Kabla Hujagonga Ukuta: Mwongozo wa Kupanga na Kuhifadhi Chuo Kikongwe

Umekabidhiwa chuo. Labda wewe ni meneja wa milki, labda mjumbe wa kamati ya ujenzi, labda kiongozi wa wanafunzi uliyealikwa kwenye kikao cha jengo jipya. Mezani pana mchoro wa ghorofa sita. Pana fedha zinazotakiwa zitumike kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Na nje ya dirisha pana mwembe mkubwa, umesimama palepale palipochorwa maegesho ya magari. Watu wote wanakusubiri useme ndiyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya siku hiyo, na kwa ajili ya siku nyingi za kimya zinazoitangulia. Mfano wake mkuu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji, kwenye majengo ya zege yaliyochorwa na wabunifu wa Kiingereza, Norman & Dawbarn. Ukumbi wa Nkrumah ulioko pale ulichapishwa hata kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Kwa Watanzania wengi sura ya elimu ya juu ndiyo hiyo.

Lakini noti ile ilionyesha jengo moja tu. Aliyesoma Mlimani anakumbuka mengi kuliko hayo: mteremko wa kupanda ukiwa umechelewa kipindi, kivuli kinachokupokea njiani, vimbweta, yaani meza na viti vya kusomea nje, chini ya miti ambapo watu hupiga msuli hadi usiku, upepo unaopita darasani wakati wa kaskazi. Ukumbi, mteremko, mti, njia na upepo vimesukwa pamoja kama mkeka. Ukichomoa ukili mmoja kwa haraka, unaobaki hulegea. Hilo ndilo jambo la kulishika tangu mwanzo: unachokitunza ni mkeka wote, na huwezi kuutunza kabla hujajua ulivyosukwa.

1. Tembea kwanza

Kabla ya kumwita mkandarasi au mshauri, tembea chuoni mara tatu: alfajiri, saa nane mchana na saa mbili usiku. Alfajiri utaona wanaofagia na wanaopita, na utajua njia halisi za miguu, zile ambazo hazimo kwenye ramani. Saa nane utajua kivuli kiko wapi, na wapi pamekuwa tanuri. Usiku utaona palipo giza, na palipo na watu wanaosoma kwa taa ya simu kwa sababu balbu iliungua na hakuna aliyeibadilisha.

Mchukue mtu aliyekaa pale muda mrefu: fundi bomba, mtunza bustani, mlinzi. Hao wanajua mabomba ya zamani yamepita wapi na paa gani huvuja mvua ikija na upepo wa kusi. Wakistaafu bila kuulizwa, maarifa hayo huondoka nao, na baadaye mtayanunua kwa kuchimba na kupasua.

2. Fungua daftari la chuo

Kila jengo liwe na ukurasa wake: mwaka lilipojengwa, nani alilichora, limejengwa kwa nini, limebadilishwa lini, lina ugonjwa gani sasa. Weka picha za pande zote nne, zilizopigwa mahali palepale kila mwaka. Tafuta michoro ya awali. Mara nyingi imelala kwenye kabati la idara ya milki, imeliwa na mende na unyevu. Ipige picha za kidijitali, kisha nakala zikae mahali pawili tofauti.

Miti nayo iandikwe: jina la mti, mahali ulipo, mzunguko wa shina. Andika pia vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviita urithi: milango ya mninga, vitasa vya shaba, ngazi za terazo, matofali yenye matundu yanayopitisha hewa, mbao za matangazo, vimbweta vyenyewe. Vitu hivi hupotea kimoja kimoja wakati wa ukarabati mdogo, na hakuna kikao kilichowahi kuamua vipotee.

Ukimaliza, yagawe majengo katika ngazi tatu. Ya kwanza ni yale ambayo sura yake ya nje na kumbi zake kuu hazibadiliki. Ya pili ni yale yanayoweza kubadilishwa ndani huku nje yakibaki yalivyo. Ya tatu ni yale yanayoweza kuondoka, kama mabanda ya muda yaliyogeuka ya kudumu. Mgawo huo upitishwe na Baraza la Chuo na uingizwe kwenye Mpango Kabambe. Usipofanya hivyo, kila uongozi mpya utaanza kubishana upya, na siku fedha zitakapoingia atakayeshinda ni mwenye haraka.

3. Jua sheria inakolinda na inakoishia

Wengi hudhani jengo maarufu linalindwa na serikali kwa umaarufu wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo huhitaji kutangazwa rasmi na waziri. Majengo ya kwanza ya Mlimani ni rika moja na sheria hiyo, kwa hiyo umri wake peke yake hauyapi ulinzi. Ulinzi wa karibu ni ule mnaojiwekea wenyewe: uamuzi wa Baraza, Mpango Kabambe, na masharti yanayoandikwa ndani ya mkataba wa kila mkandarasi.

Tena cheo hakizibi paa. Chuo Kikuu cha Caracas, Venezuela, kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Juni 2020, sehemu ya paa la njia zake maarufu za waenda kwa miguu ilianguka, baada ya miaka ya kukosa matunzo. Orodha ya dunia ilikuwepo. Mikono ya kusafisha na kukagua ndiyo iliyopungua.

4. Soma ufa kabla ya kuuziba

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa zege atakuongezea neno: ukiuziba bila kujua umetoka wapi, utaujenga ukuta vilevile.

Ndani ya zege mna nondo. Zege jipya huwa na alkali nyingi, na alkali hiyo huikinga nondo isipate kutu. Miaka inavyopita, hewa ya ukaa hupenya polepole na kuipunguza alkali. Karibu na bahari, chumvi nayo hupenya. Kinga ikiisha na maji yakifika, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Nondo hutanuka, zege hupasuka, kipande huanguka. Ukipaka lipu na rangi juu yake, umemvalisha mgonjwa kanzu. Kutu inaendelea kula chini kwa chini.

Fanya hivi. Gonga zege kwa nyundo ndogo: penye sauti ya utupu pameachana ndani, pawekee alama ya chaki. Mwombe mhandisi apime kina kilichoharibika kwa kunyunyizia fenolfthalini kwenye zege lililovunjwa karibuni. Zege lenye afya hugeuka rangi ya waridi, lililopoteza alkali halibadiliki. Palipoharibika, zege bovu litolewe hadi nyuma ya nondo, nondo isafishwe mpaka ing'ae, iliyoliwa sana iongezewe nyingine, kisha pajazwe kwa mchanganyiko uliopimwa kuendana na zege la zamani, na pamwagiliwe maji kwa siku kadhaa. Anza kwa kufanya jaribio mahali padogo pasipoonekana, ulitazame baada ya mvua moja, ndipo uendelee.

Na kabla ya hayo yote, tafuta maji yanatoka wapi. Karibu kila ugonjwa wa jengo la zamani huanzia kwenye gata lililoziba, bomba linalovuja au kiyoyozi kinachodondoshea ukuta matone mchana kutwa.

Kama chuo chako kina kuta za mawe na chokaa, kama nyumba za kale za Zanzibar na Lamu, saruji ni adui. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chokaa hulainika na lipu hubanduka mapande mapande. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa, na fundi anayeijua kazi hiyo mtunze kama unavyomtunza profesa, umpe na vijana wa kumfuata.

5. Usiliue jengo kwa ubaridi

Wabunifu wa miaka ya 1960 waliojenga katika nchi za joto walilihesabu jua. Waliweka majengo membamba ili upepo uingie upande huu na kutokea ule. Waliweka vizuia jua vya zege mbele ya madirisha, na vioo vya luva vinavyofunguka vyote. Kisha tukaja sisi, tukang'oa luva na kuweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu ya upepo imekatwa, chumba kimechemka, tukanunua kiyoyozi. Kiyoyozi kikatobolewa tundu ukutani, kikapitishiwa waya juujuu, na maji yake yakaanzisha ule ufa tuliouzungumzia.

Kabla ya kubadilisha madirisha, rekebisha yaliyopo: vioo vya luva vilivyovunjika, vishikio vilivyolegea, wavu wa mbu. Rudisha feni. Fungua matundu yaliyozibwa kwa mbao. Vyumba vinavyohitaji ubaridi wa mashine kweli, kama vya seva, maabara au nyaraka, vikusanywe upande mmoja, mitambo iwekwe nyuma ya jengo, na maji yake yaongozwe kwa bomba hadi chini.

6. Ardhi, miti na vimbweta

Mti mkubwa una mizizi mipana kuliko unavyodhani, na sehemu kubwa iko karibu na uso wa ardhi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni hii: pima kipenyo cha shina kwa urefu wa mita 1.5 kutoka chini, zidisha mara 12. Mti wenye mzunguko wa sentimita 190 una kipenyo cha sentimita 60 hivi, kwa hiyo eneo la mita 7 kuuzunguka lisichimbwe mtaro, lisimwagwe kokoto, wala lisiegeshwe lori. Mkandarasi aliwekee uzio kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mti uliokatwa mizizi hauanguki siku hiyo. Hukauka miaka miwili au mitatu baadaye, wakati mkandarasi ameshalipwa.

Kusakafia mpaka shinani ni kuunyima mti maji. Uache udongo wazi, utandaze majani makavu. Na anza leo kupanda watoto wa miti mikongwe iliyopo, kwa sababu miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja, na siku itakapoondoka kivuli chote kitaondoka nayo.

Njia za mkato usizizibe kwa seng'enge haraka. Zitazame msimu mzima. Miguu elfu moja haikosei: inakuonyesha panapohitaji njia ya mawe. Kwenye mteremko ni muhimu zaidi, maana njia ya vumbi ikiachwa hugeuka korongo, na korongo hufika kwenye msingi wa jengo.

Vimbweta navyo vihesabiwe kama madarasa, maana ni madarasa. Kabla ya kuhamisha hata kimoja kupisha maegesho, hesabu waliokaa pale saa kumi jioni, kisha hesabu magari yatakayokaa mahali pao.

7. Jengo jipya likae wapi

Chuo kisichojenga hufa kwa njia nyingine. Wanafunzi wameongezeka, na haki yao ya kupata darasa na kitanda ni haki ileile iliyowapatia nafasi wa kwanza. Mlimani ilipokea mwaka 2017 hosteli za majengo 20 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Mwaka 2018 ikafunguliwa maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, umeleta ujenzi katika vyuo vya umma nchi nzima. Fedha za namna hii huja na tarehe za mwisho. Ndiyo maana daftari na mgawo wa ngazi tatu vinapaswa kuwa tayari kabla hazijafika.

Ukiletewa mchoro, uliza maswali matano. Je, jengo hili linaweza kukaa mahali pa banda la ngazi ya tatu badala ya uwanja wazi? Litazuia upepo wa jengo lipi? Litapeleka wapi maji ya paa lake? Litavuka urefu wa miti na mapaa ya zamani kwa kiasi gani, ukilitazama kutoka mahali ambapo wahitimu hupigia picha? Na linaungana vipi na la zamani?

Swali la mwisho lina funzo kutoka Marekani. Chuo Kikuu cha Virginia, kilichobuniwa na Thomas Jefferson, kiliunganisha jengo lake kuu la duara na nyongeza kubwa katika miaka ya 1850. Tarehe 27 Oktoba 1895 moto ulianzia kwenye nyongeza ukapita hadi jengo kuu. Walijaribu hata kulipua kiungo kwa baruti ili kuukata moto, wasifanikiwe. Ukiongeza jengo kwenye jengo, acha nafasi au weka ukuta wa kuzuia moto.

Ardhi nayo ina historia yake. Chukua Chuo cha Makerere, Uganda: Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliuawa kwa risasi Septemba 1945, siku moja baada ya Lukiiko, bunge la Buganda, kupitisha sheria iliyofungua njia ya kutwaa ardhi, ikiwemo ya kupanulia chuo. Leo bweni moja linaitwa kwa jina lake. Kiwanja unachotaka kukiuza au kukikodisha huenda kililipiwa kwa damu au kwa watu kuhamishwa. Soma jalada lake lote kabla hujasaini.

8. Moto

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941, liliungua paa na ghorofa za juu, pamoja na nyaraka zilizokuwa huko. Lilijengwa upya kwa sura yake ya zamani na kufunguliwa Oktoba 2024. Miaka minne. Aprili 2021, moto wa mlimani ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town ukaiteketeza Maktaba ya Jagger. Milango ya kuzuia moto ilijifunga, na sehemu kubwa ya nyaraka za chini ikaokoka.

Mambo manne basi. Nyaraka zisikae darini, na nakala zake zisikae jengo lilelile. Nyaya za umeme za majengo ya zamani zikaguliwe na fundi mwenye leseni, maana zilipangiwa balbu na feni, leo zinabeba birika, kompyuta na viyoyozi. Milango ya kuzuia moto iwepo, na isizuiwe kwa kiti ili ibaki wazi. Nyasi kavu zikatwe mbali na kuta kabla ya kiangazi. Kisha waalike zimamoto waje watembee chuoni mchana wa amani, wajue lori lao litapita wapi na maji watayapata wapi.

9. Tunza na majina

Jengo lisilo na habari zake ni rahisi kuvunjwa. Andika ni nani aliyefundisha pale, mjadala gani ulifanyika, nani alibeba zege. Virginia ilichukua karibu karne mbili kukiri waziwazi kwamba chuo kilijengwa na kuendeshwa kwa jasho la watumwa wapatao 4,000. Kumbukumbu yao ikakamilika mwaka 2020. Sisi tusingoje hivyo. Mafundi na vibarua waliojenga vyuo vyetu miaka ya 1960 wamo wachache waliobaki hai, na watoto wao wamo wengi. Wahojini sasa, na majina yao yaingie kwenye daftari.

10. Ratiba ya mwaka

Januari na Februari: safisha magata na mapaa, funga bati zilizolegea kabla ya masika. Huu pia ni wakati wa kupeleka makadirio ya bajeti. Machi hadi Mei: mvua inanyesha, andika kila panapovuja. Juni hadi Septemba: kiangazi na likizo ndefu, tengeneza zege, chokaa, mbao na rangi, tibu mchwa. Oktoba: magata tena, kabla ya vuli. Desemba: piga picha za mwaka, jaza daftari.

Kuhusu fedha, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilishauri mwaka 1990 kwamba matunzo ya kawaida ya majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Huenda bajeti yako haifiki hapo. Anza na fungu dogo lisiloguswa kwa kazi nyingine, lilinde kikao baada ya kikao, na kila jengo jipya lisipokelewe bila fungu la kulitunza. Ngazi, ufagio na vijana wawili wa kupanda darini kabla ya mvua vinaokoa zaidi ya zabuni ya ukarabati mkubwa kila baada ya miaka thelathini.

Basi mvua ya kwanza ikinyesha, usikae ofisini. Chukua mwavuli na daftari, mwite yule fundi bomba mzee, mtoke. Fuateni maji kutoka paani hadi kwenye gata, kutoka gata hadi mfereji, kutoka mfereji hadi chini ya mteremko. Mtaona njia iliyogeuka mto, ukuta unaolowa, mwembe uliolikumbatia tuta lisibomoke. Mwembe ule wa nje ya dirisha. Kikao kijacho, mchoro utakapowekwa tena mezani, utakuwa na la kusema.